Kabla ya kulipa ada ya shule ya kimataifa, kaeni darasani saa moja

Ndugu Mhariri,

Tangu mwezi wa kumi uanze, gazeti lako linakuja na matangazo ya shule kila siku. Katika toleo moja la wiki iliyopita nimehesabu saba, na karibu yote yana maneno yaleyale: kimataifa, lugha nyingi, kujifunza kwa kuuliza na kuchunguza. Nawaandikia wazazi wenzangu wa Mwanza wanaoyasoma wakiwa na kalamu mkononi, kwa sababu mimi nimeyafuata matangazo kama hayo hadi getini, tangu Machi hadi Julai mwaka huu, nikiwa na binti wa miaka saba na fedha zisizoruhusu kukosea.

Tunaishi Kitangiri. Nafanya kazi maabara, katika kiwanda cha minofu ya sangara. Mume wangu yuko mgodini Geita, na mwajiri wake hulipa nusu ya ada ya mtoto mmoja, ndiyo maana tulithubutu kuzifikiria shule hizi. Nusu inayobaki, kwa muhula mmoja, ni mshahara wangu wa miezi mitatu. Sijaweka hapo basi, chakula, sare, fomu na ile amana inayolipwa siku ya kwanza, ambayo wazazi wengi hawaulizi itarudishwa lini na kwa masharti gani. Ulizeni, na mpewe kwa maandishi.

Shule ya kwanza iko mlimani, na ukisimama barazani unaliona ziwa hadi macho yachoke. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri. Alituambia wana lugha tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kichina. Nikamuuliza, na Kiswahili? Akasema, "Hicho mama ataongea nyumbani." Tulipokuwa tunatembezwa madarasani nikamwona mtoto wa kiume, umri kama wa binti yangu, amesimama pembeni ya mlango na kibao cha mbao kimening'inia shingoni kwa kamba. Alikuwa ameteleza akaongea Kiswahili wakati wa mapumziko. Kibao hicho humkaa shingoni hadi atakapomsikia mwenzake akiteleza, amkabidhi. Binti yangu aliniuliza kwa sauti yule kaka amefanya nini, nami nikamjibu, kwa Kiswahili, mbele ya mwalimu mkuu. Tuliondoka bila kuchukua fomu.

Wenye shule mtanivumilia, lakini hili nitalisema wazi. Shule inayomwadhibu mtoto kwa lugha ya mama yake haiwezi kujiita ya lugha nyingi, hata ikileta mwalimu wa Kifaransa kutoka Paris. Na haiwezi kumfundisha kuuliza, maana mtoto huyo jambo la kwanza alilojifunza ni kunyamaza na jambo la pili ni kumviziavizia mwenzake.

Naongea kwa uchungu kwa sababu naujua ukimya huo. Nilisoma shule ya msingi Ukerewe. Mwaka 1999 nilikuwa darasa la tano, na mwalimu wetu wa sayansi alimwagiza kila mmoja wetu kuleta makopo mawili na mbegu za maharage. Kopo moja tuliweka dirishani, jingine kabatini, na kila asubuhi tulipima kwa rula na kuandika. Neno usanisinuru lilipokuja ubaoni nilikuwa nimeshaliona kwa macho: mche wangu wa kabatini ulikuwa mrefu, mwembamba na wa njano kama mtu aliyeugua. Nilimwuliza mwalimu kwa nini ulirefuka kama haukuwa na nguvu. Alicheka kwa furaha akasema swali hilo tutalijibu wote.

Kisha nikaingia kidato cha kwanza, na kuanzia Jumatatu hiyo kila somo isipokuwa Kiswahili likawa kwa Kiingereza. Nilikariri. Alama nilipata, wala sikuwa wa mwisho. Lakini kwa miaka miwili mizima sikunyoosha mkono kuuliza hata mara moja. Maswali yangu yalikuwa ya Kiswahili na darasa lilikuwa la Kiingereza, na nilipomaliza kulitafsiri swali moja kichwani mwalimu alikuwa ameshafuta ubao. Baada ya muda hata kichwani hayakuja tena.

Mwaka huohuo wa 1999 kuna jambo jingine lilitokea ambalo wazee wa mialoni wanalikumbuka. Umoja wa Ulaya ulifunga soko kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia. Bei ya sangara ilianguka, na baba yangu aliyekuwa na mtumbwi mmoja aliuegesha. Nyumbani watu wazima walibishana jioni nzima: samaki wana sumu, samaki hawana sumu. Hakuna aliyeuliza mtu anajuaje kama samaki ana sumu au hana. Leo hilo ndilo ninalolipwa kujibu. Nachukua kipande cha mnofu, napima joto lake, natafuta bakteria, naandika nilichokiona, na kama nina shaka narudia. Kontena zima linasimama kusubiri jibu langu. Kwa hiyo tangazo likisema mtoto atajifunza kwa kuuliza na kuchunguza, kwangu hayo ndiyo riziki yangu, na nilitaka kuyaona yakifanyika.

Shule ya pili haikuwa na kibao shingoni. Ilikuwa na skrini ukutani, zulia, na mabango mazuri. Bango moja lilihusu viumbe kugawana dunia, nalo lilikuwa na dubu wa barafu na pengwini. Nilikaa darasani dakika arobaini. Mwalimu aliuliza maswali mengi, yote yakiwa na jibu moja alilokuwa nalo mkononi, na watoto waliitikia kwa pamoja. Hakuna mtoto aliyeuliza kitu. Niliomba kuona kazi zao za uchunguzi, nikaonyeshwa volkano za udongo na mifano ya nyumba iliyotengenezwa vizuri mno kwa mikono ya miaka minane. Mama mmoja aliniambia baadaye nje ya geti kwamba kazi hizo hutengenezwa katika duka moja la steshenari mjini, unalipa unachukua. Dirisha la darasa lile linaangalia ziwa. Sangara aliletwa ziwani humo miaka ya 1950, akawala furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, wa aina nyingi hadi nyingine hazionekani tena, na akawapa kazi maelfu ya watu, mimi nikiwemo. Sijui swali gani la kugawana dunia ni gumu kuliko hilo, na halihitaji pengwini.

Hapo nikaamua kusoma, maana nilikuwa nahukumu kitu nisichokijua vizuri. Naeleza kwa kifupi yatakayomsaidia mzazi. Neno "kimataifa" getini peke yake halisemi mtaala gani unafundishwa ndani. Nyingi hufuata mtaala wa Cambridge wa Uingereza; chache hufuata IB (International Baccalaureate), mfumo ulioanzia Geneva, Uswisi, mwaka 1968, ambao programu yake ya watoto wa miaka 3 hadi 12 ilianza mwaka 1997. Programu hiyo hujengwa juu ya mada kubwa sita, kama vile sisi ni nani, dunia inafanyaje kazi, na tunagawanaje dunia, na masomo yote huingia ndani ya mada hizo kupitia maswali. Mtoto anatakiwa awe ameanza kujifunza lugha ya ziada afikapo miaka saba, na mwaka wa mwisho hufanya uchunguzi wake mkubwa na kuuonyesha hadharani. Mashirika yote mawili huorodhesha kwenye tovuti zao shule yalizozikubali. Ingieni mtazame, simu ya mkononi inatosha. Kwa IB angalieni pia kama shule imeshaidhinishwa au ndiyo kwanza imeomba, kwa sababu hayo ni mambo mawili tofauti na tangazo haliyatenganishi.

Lililonishangaza zaidi ni hili: shule ya IB inatakiwa kuwa na sera ya lugha iliyoandikwa, inayoeleza pamoja na mengine jinsi inavyozitunza lugha za nyumbani za watoto. Cambridge nao wana mtihani wa Kiswahili katika IGCSE, ngazi yao ya sekondari, na IB wana Kiswahili katika stashahada yao ya kumalizia sekondari. Kwa hiyo mkiambiwa Kiswahili hakimo kwenye mtaala wa kimataifa, mjue aliyekataa ni mwenye shule. Lugha hii ina siku yake ya dunia, 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na shule zetu huiadhimisha kwa kanga na mashairi. Tarehe nane vibao vinarudi shingoni.

Mume wangu hakukubaliana nami mara moja, na hoja yake ni ya wazazi wengi. Tangu Daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 huja karibu kila Jumamosi, hasubiri tena kivuko, kwa hiyo tulibishana kwa raha yetu wikiendi nyingi. Alisema, "Mama Neema, Kiingereza ndicho kinacholipa. Ripoti zako za maabara unaandika kwa lugha gani?" Ni kweli, naandika kwa Kiingereza. Binti yangu anakihitaji na nataka akijue kuliko mimi. Tulichotofautiana ni njia. Nilimsomea maelezo ya Jim Cummins wa Chuo Kikuu cha Toronto, ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ametenganisha lugha ya kuongelea na lugha ya kusomea. Ya kuongelea mtoto huipata ndani ya miaka kama miwili. Ile ya kusomea, ya kueleza kwa nini jambo limetokea, humchukua kati ya miaka mitano na saba. Ndiyo maana mtoto wa inglishi midiamu huwasalimia wageni kwa Kiingereza kizuri sebuleni, wazazi tukafurahi, na darasani haelewi sayansi. Katika miaka hiyo yote katikati anafikiri kwa lugha gani? Akinyang'anywa Kiswahili anabaki anasubiri. Mume wangu alinyamaza, kisha akaniambia kwamba mafundi vijana mgodini wanasoma maelekezo ya mashine kwa sauti bila kukosea neno, halafu wanamwita pembeni wamwulize kwa Kiswahili inasemaje.

Shule ya tatu ni ndogo. Uwanja wake una vumbi, haina skrini, na nilitaka nisishuke kwenye gari. Niliomba kukaa darasani na mwalimu akasema karibu, chukua kiti kile. Watoto walikuwa kama ishirini, na wengine walinipokea kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, mama," wakafurahi nilipoitikia. Mezani kulikuwa na sado mbili, yale makopo ya kupimia sokoni, za dagaa. Moja ilitoka kwa waliokaushwa mchangani, nyingine kwa waliokaushwa kwenye vichanja. Walikuwa wanazilinganisha: rangi, harufu, mchanga uliobaki chini baada ya kuwatikisa kwenye karatasi. Ubaoni mwalimu alikuwa ameandika dagaa, na mtoto aliyehamia kutoka Kisumu akasema kwao ni omena, na wa Kampala akasema mukene, yote yakaandikwa. Binti wa Kihindi akasema bibi yake ana jina lake kwa Kigujarati lakini amelisahau, na mwalimu akamwachia nafasi tupu ubaoni, akamwambia kesho alete.

Kisha kijana mmoja, mama yake nilikuja kujua anauza katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, akasema dagaa hupanda bei mwezi ukiwa mkubwa. Alilisema kwa Kiswahili. Mwalimu hakumkatiza, hakumwambia arudie kwa Kiingereza, wala hakusema ni kweli au si kweli, ingawa kila aliyekulia ziwani anajua wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza na mbalamwezi huwaweka nyumbani. Aliuliza tu, "Tutajuaje?"

Darasa lilichemka. Mmoja alitaka wamwulize mama yake mwenzao. Mwingine akasema mtu mmoja anaweza kukosea, waulizwe kumi. Msichana mdogo wa mbele akasema wachore mwezi kila usiku, na kila Ijumaa waandike bei ya sado, mpaka mwezi uzunguke mara mbili. Waligawana kazi kwa Kiswahili, wakigombana sawasawa, halafu kila kundi likasimama kueleza mpango wake kwa Kiingereza. Kiingereza chao kilikuwa na makosa, mwalimu akayasahihisha mawili matatu na kuyaacha mengine. Daftarini waliandika maneno kwa safu mbili: mbalamwezi, bei, wastani, na upande wa pili Kiingereza chake. Nilihesabu mikono iliyonyooshwa kuuliza. Katika saa moja ilikuwa kumi na tisa.

Nilitoka nje nikakaa kwenye gari bila kuliwasha. Sikuwa nimejua kwamba bado namdai mtu ile miaka miwili.

Si shule kamilifu, na wazazi mnatakiwa kuyajua haya pia. Haina maabara. Mwalimu wa Kifaransa huja siku mbili kwa wiki. Ilinibidi niulize mara mbili kuhusu usajili wao wizarani kabla ya kuonyeshwa cheti. Kalenda yao huanza Agosti, wakati shule zetu nyingi huanza Januari, kwa hiyo mtoto anayehama katikati hurudia miezi au huiruka. Wetu amerudia, na tumeona hakuna ubaya. Mtoto anayemaliza mtaala wa nje akitaka kurudi kidato cha tano cha hapa nchini, lazima Baraza la Mitihani likilinganishe kwanza cheti chake na vya hapa. Ulizeni shule imeshawasaidia wangapi kwa hilo. Mwalimu mkuu wetu alijibu kwamba bado hawajafika huko, na nilimheshimu kwa kunijibu hivyo.

Neema ameanza Agosti. Wiki ya tatu alinisubiri mlangoni nikitoka zamu, akaniuliza kwa nini samaki wa kazini kwangu hulala kwenye barafu na dagaa wa bibi yake Ukerewe hulala juani, na wote hawaozi. Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikamwambia tutajuaje, na Jumamosi tukanunua sato wadogo watatu: mmoja tukamweka kwenye barafu, mmoja juani baada ya kumpasua na kumtia chumvi, mmoja tukamwacha jikoni kwenye sahani. Jirani wa upande wa pili alilalamika harufu kufikia Jumapili jioni, nami nikamwomba radhi. Neema aliandika yote, upande mmoja Kiswahili na upande mmoja Kiingereza, na neno ambalo hakulijua aliliachia nafasi kama alivyomwona mwalimu wake akifanya.

Nina maombi mawili, Ndugu Mhariri. La kwanza ni kwa wenye shule wanaotangaza katika gazeti hili: kama mnasema lugha nyingi, andikeni kwenye tangazo ni lugha zipi, kwa vipindi vingapi, na Kiswahili kiko wapi. Mistari miwili inatosha. Na mruhusu mzazi akae darasani saa moja siku ya kawaida, ambayo haijapambwa kwa ajili ya wageni.

La pili ni kwa wazazi mliotutangulia. Shule ya binti yangu inaishia darasa la sita. Baada ya hapo nitaanza tena kuzunguka mageti ya Mwanza, safari hii nikitafuta sekondari isiyomnyamazisha. Aliyempitisha mwanawe huko, akaona Kiswahili chake kimebaki na maswali yake yamebaki, tafadhali aandike kupitia ukurasa huu. Tuna miaka minne ya kusoma barua zenu.

Mama Neema,
Kitangiri, Mwanza